Njia iliyokatikia kwenye "na"

Ilikuwa saa sita mchana, siku ya kwanza ya kupokea kahawa msimu huu, mzee aliponipigia simu. Yeye ni karani wa mizani katika ghala la ushirika mmoja mdogo mlimani, juu ya Mbale, mashariki mwa Uganda. Zamani alikuwa askari, na Kiswahili chake ni kile cha kambini: kifupi, hakina maneno ya kupoteza.

"Binti yangu, mashine inapima, lakini hesabu haitoi. Wakulima wamekaa hapa wananiangalia."

Nikamwomba anisomee kilichoandikwa kwenye skrini. Akaanza polepole: "Slashi srv, slashi rekodi, slashi nakala, slashi nakala, slashi nakala..." Akanyamaza. "Ni nakala tupu, binti. Imejaa skrini nzima."

"Ruka mpaka mwisho, mzee."

"Mwisho imeandika nakala, slashi, halafu 'na'. Baada ya hapo kuna Kizungu: No such file or directory."

Na. Sijawahi kuita folda yoyote "na". Lilikuwa neno lililobaki peke yake mwishoni mwa mstari, kama mtu aliyefungwa mdomo katikati ya sentensi. Nilichukua kalamu, nikapiga hesabu nyuma ya risiti. "/srv/rekodi" ni baiti 11, maana hapa kila herufi ni baiti moja. Kila "/nakala" ni baiti 7. Nakala 583 zinafikisha 4,092. Zikiongezwa baiti tatu za "/na" zinakuwa 4,095, na sifuri ya kufunga mfuatano wa herufi inakuwa ya 4,096, ambayo ndiyo kikomo cha njia ya faili kwenye Linux. Hapo nikajua ni nini kimetokea, na nikajua kosa ni la kwangu. Nikamwambia mzee jambo moja tu: "Tafadhali, usiizime. Nakuja."

Nilimwomba hivyo kwa sababu namjua. Kitu kikigoma, yeye hukizima na kukiwasha tena, na mara nyingi hupona. Siku ile kukizima kungenifungia mlango wa mkato ambao nitaueleza hapa chini.

Programu yenyewe niliiandika kwa lugha ya C. Inakaa kwenye kompyuta ndogo ya Linux chini ya meza ya mizani, na kila baada ya dakika kumi inasoma vipimo vipya na kuviandika. Mzunguko wake ulikuwa hivi:

```c
for (;;) {
    sleep(600);
    mkdir("nakala", 0755);
    chdir("nakala");
    n = soma_mizani(&vipimo);
    if (n == 0)
        continue; /* hakuna mzigo mpya */
    andika("leo.csv", &vipimo, n);
    chdir("..");
}
```

`mkdir` inatengeneza folda, `chdir` inaingia ndani yake, na `chdir("..")` inatoka. Tazama hiyo `continue`, inayoirudisha programu mwanzo wa mzunguko. Mzigo ukiwepo, programu inaingia ndani ya nakala, inaandika, inatoka. Mzigo usipokuwepo, inaingia na haitoki. Dakika kumi baadaye inatengeneza nakala nyingine palepale iliposimama, inaingia tena. Msimu uliopita hakuna aliyegundua, kwa sababu mzee alikuwa akizima kompyuta kila jioni, na asubuhi programu ilianza upya juu kabisa. Mchana, watu wakienda kula, ilishuka hatua mbili tatu, lakini programu ya ripoti hupita folda zote za ndani, kwa hiyo faili zilipatikana na hesabu ilitoka sawa. Uangalifu wa programu moja ulikuwa unaficha ugonjwa wa nyingine.

Mara hii kompyuta ilibaki inawaka wiki tatu mfululizo kwa sola na betri. Mimi ndiye niliyemwomba mzee aiache, ili niiwekee toleo jipya kutoka mjini. Mizunguko 144 kwa siku, siku 21: folda 3,024, moja ndani ya nyingine. Na saba za asubuhi ile.

Nikiwa nyuma ya boda, tunapanda mlima, nilijiuliza swali ambalo pengine na wewe unajiuliza. Kama kikomo cha njia kwenye Linux ni baiti 4,096, folda ya 584 ilitengenezwaje? Na ya 2,000? Kwa nini kerneli, kile kiini cha Linux, haikukataa siku ya tano tu?

Jibu ni kwamba PATH_MAX, jina la kikomo hicho, haipimi kina cha folda. Inapima urefu wa maneno unayoipa kerneli kwa mara moja. Programu yangu ilisema `mkdir("nakala")`: herufi sita na sifuri yake, baiti saba basi. Kerneli haikuulizwa habari ya /srv wala ya rekodi. Iliambiwa "hapa tuliposimama, weka nakala", ikaweka. Ingeendelea kuweka mpaka diski iishiwe nafasi.

Huku mlimani nyumba hazina namba. Ukitaka kwenda kwa mtu, hakuna anayekupa maelekezo yote kuanzia Clock Tower ya Mbale mpaka mlangoni. Utaambiwa: "Nenda mpaka sentani, ukifika uliza tena." Pale sentani utaelekezwa mpaka kanisani, na kanisani mtoto atakuonyesha boma. Hakuna aliyesema sentensi ndefu, na umefika. Kosa la wengi wetu tunaoandika C, na langu pia, ni kudhani kwamba njia ndiyo mahali. Njia ni maelekezo tu. Mahali ni pale mguu wako ulipo, na Linux inakupa namna ya kupashika bila maelekezo yoyote: deskripta ya folda, yaani namba ambayo kerneli inakupa unapoifungua.

Nilipofika ghalani wakulima walikuwa bado kwenye mabenchi, na mzee amesimama kati yao na ile kompyuta kama yuko zamu. Hakuwa ameigusa. Nikatafuta namba ya mchakato, yaani ya programu ikiwa inatembea, ilikuwa 812, nikaandika:

```
ls /proc/812/cwd/
```

Huu ndio mlango wa mkato. Kwenye /proc kila mchakato unaoishi una kiungo kiitwacho cwd, na ukikipita hupitii njia yote. Unarukia moja kwa moja pale mchakato uliposimama. Kukisoma kiungo chenyewe kwa `readlink` kungekataa, maana kerneli ingelazimika kuandika njia nzima ya baiti zaidi ya 21,000. Lakini kukipita hakuna shida. Ndani yake palikuwa na nakala, ndani ya nakala palikuwa na leo.csv, na hatua moja juu, kwa `/proc/812/cwd/../`, palikuwa na leo.csv nyingine ya asubuhi zaidi. Kwa jumla zilikuwa nne. Nikazikopi zote nje, nikaziunganisha, nikachapisha. Mzee akachukua karatasi na daftari lake la mkono, akaweka kidole kwenye kila mstari, akasoma jina na kilo, jina na kilo, mpaka mwisho.

"Zimetimia," akasema. Watu wakaanza kuitwa.

Kama angeizima, vipimo visingepotea. Vilikuwa vimeshaandikwa kwenye diski. Lakini mchakato 812 ungekufa na mlango wake ungefungwa, na mimi ningeanza kuandika programu ya kushuka ngazi 3,031 huku watu wakisubiri hela zao za kahawa.

Wakulima walipoondoka, nikakaa na programu ya ripoti. Hiyo ndiyo iliyonisikitisha zaidi, kwa sababu niliiandika nikiamini nimekuwa mwangalifu. Ilikuwa inaingia kila folda kwa kujiita yenyewe, na kila ngazi ilikuwa na hii:

```c
char njia[PATH_MAX];
snprintf(njia, sizeof njia, "%s/%s", mzazi, jina);
d = opendir(njia);
```

Nilitumia snprintf, ambayo haiandiki kupita nafasi iliyopewa, badala ya sprintf, nikajiona salama. Kweli haikuharibu kumbukumbu. Ilifanya jambo baya kwa namna nyingine: ilikata maneno kimyakimya, na mimi sikuangalia ilichorudisha. snprintf hurudisha urefu ambao ingehitaji. Kwa folda ya 584 ilirudisha 4,099, na mtu yeyote aliyelinganisha na 4,096 angejua. Mimi nikaipa kerneli njia iliyokatwa. Na kwa kuwa iliyokatwa inatosha kabisa ndani ya kikomo, kerneli haikusema "File name too long", kosa ambalo lingeniambia ukweli. Ilienda kutafuta folda iitwayo "na", ikanijibu kwa uaminifu kwamba haipo.

Nataka msomaji akae hapa kidogo. Ripoti ilisoma tu. Ingekuwa programu ya kufuta faili kuukuu, na pale ngazi ya 584 kungekuwa na kitu chenye jina fupi kinacholingana na kipande kile, ingefuta kitu ambacho hakuna aliyekitaja. Njia iliyokatwa inaweza kuwa njia halali ya mahali pengine. Ndiyo maana nasema hivi kwa uzito wote: snprintf bila kuangalia thamani inayorudi, kwenye njia za faili, ni hatari kuliko programu inayoanguka.

Jambo la pili lilikuwa linanisubiri hata kama njia zisingekatwa. Kila ngazi ilikuwa inabeba bafa, yaani ile nafasi ya `njia`, ya baiti 4,096 kwenye staki, sehemu ya kumbukumbu ambako kila kujiita huweka vitu vyake. Staki ya kawaida kwenye Linux ni megabaiti 8, yaani inatosha bafa 2,048 za aina hiyo na si zaidi, hata ukisahau vitu vingine vinavyokaa humo. Kwa ngazi 3,031 nilihitaji karibu megabaiti 12. Programu ingekufa katikati ya safari.

Nikaandika upya kwa openat. Wazo ni lile la sentani: unafungua folda, unapata deskripta, kisha unaiambia kerneli "kuanzia hapa, fungua nakala". Jina linabaki fupi daima. openat na ndugu zake, mkdirat, unlinkat, renameat, fstatat, waliingia kerneli ya Linux 2.6.16 mwaka 2006, na POSIX, kiwango cha mifumo ya jamii ya Unix, ikawakubali mwaka 2008. Si vitu vigeni. Ni sisi tu tuliofundishwa C kwa vitabu na mifano ya zamani ambao bado tunaunganisha maneno kwa slashi.

Jaribio la kwanza likasimama kwenye ngazi ya 1,020. "Too many open files." Nilikuwa naacha deskripta ya kila mzazi wazi ili nirudi juu kwayo, na kikomo cha kawaida ni 1,024. Toa tatu za mwanzo, toa moja ya /srv/rekodi, zinabaki 1,020 kamili. Ungeweza kuongeza kikomo kwa `ulimit -n`, na kwa siku moja ingefaa. Sikutaka. Kikomo unachokiongeza kwa sababu ya mti fulani kitafikiwa na mti mwingine. Kwa kushuka tu, deskripta mbili zinatosha: fungua mtoto, funga mzazi, endelea. Kwa kupanda unaweza kufungua "..", mradi ulinganishe namba ya kifaa na inodi (namba ya utambulisho wa folda kwenye diski) na zile ulizoandika wakati wa kushuka, maana folda inaweza kuhamishwa na mtu mwingine wewe ukiwa ndani.

Lakini mimi nilitaka kila moja ya folda zile 3,031 niikague kwa macho na kwa `find` ya kawaida kabla ya kufuta chochote. `rm -rf` ya GNU ingemaliza kazi. Yenyewe hutembea kwa deskripta na haisumbuliwi na kina. Ila hairudishi ulichosahau. Kwa hiyo nikazibadilisha ngazi zikawa safu. Baada ya kusimamisha programu ya mizani, nikatengeneza folda tupu, /srv/rekodi/safu, na kukimbiza hii:

```c
int safu = open("/srv/rekodi/safu", O_RDONLY | O_DIRECTORY);
int hapa = open("/srv/rekodi/nakala", O_RDONLY | O_DIRECTORY);

for (int i = 1; ; i++) {
    char jina[16];
    snprintf(jina, sizeof jina, "n%05d", i);
    if (renameat(hapa, "nakala", safu, jina) < 0)
        break; /* ENOENT: tumefika chini */
    int pya = openat(safu, jina,
                     O_RDONLY | O_DIRECTORY | O_NOFOLLOW);
    if (pya < 0)
        break;
    close(hapa);
    hapa = pya;
}
```

Angalia inavyokwenda. Mara ya kwanza inachukua nakala ya ndani, pamoja na mlolongo wote ulio chini yake, inauleta juu kwa jina n00001. Kisha inaingia n00001, inachukua nakala iliyomo, inaileta juu kuwa n00002. Kila hatua inavuta mlolongo wote, lakini kerneli haihamishi data yoyote. Inabadilisha tu jina limeandikwa kwenye folda ipi. Deskripta za folda zilizo wazi hazizidi tatu kwa wakati mmoja, na jina refu kuliko yote lina herufi sita. Folda 3,030, zote isipokuwa ile nakala ya juu kabisa, zilipangika kando kwa kando kabla sijameza chai niliyoletewa. Masharti yake ni mawili: safu iwe kwenye mfumo uleule wa faili, la sivyo utapata kosa la EXDEV, na uwe na ruhusa ya kuandika ndani ya kila folda inayohama, kwa sababu ".." yake inabadilika.

Nikakagua. Faili nne zilezile, hakuna nyingine. Hapo tu ndipo moyo wangu ulipotulia.

Mzee alikuwa amevuta kiti, anatazama majina yakipita kwenye skrini. Akauliza, "Kwa nini hukuipa nafasi kubwa zaidi tangu mwanzo? Badala ya elfu nne, elfu mia?" Ni swali zuri, na nimelisikia kwa watu wenye shahada. Bafa kubwa haisaidii chochote, kwa sababu kerneli yenyewe haipokei zaidi ya 4,096 kwa mwito mmoja. Ukipewa njia ndefu kuliko hapo na mtu mwingine, unaikata wewe mwenyewe, kwa makusudi, palipo na slashi: vipande vifupi, kila kimoja unakifungua kwa openat kuanzia pale kilichotangulia kilipokufikisha. Tena 4,096 si sheria ya ulimwengu. POSIX inadai angalau 256 tu, na mfumo wa GNU Hurd hauna PATH_MAX kabisa, kwa hiyo programu inayoitegemea haijengeki kule. Ukiuliza `pathconf`, inaweza kurudisha -1 bila kugusa errno (namba ya kosa), maana yake "hakuna kikomo". Ukitaka kujua uko wapi, mwache mtenga kumbukumbu apime: `getcwd(NULL, 0)` kwenye glibc (maktaba ya C ya Linux) na `realpath(njia, NULL)` hurudisha bafa ya ukubwa unaofaa, nawe unaiachilia kwa free. Angalia NULL kila mara.

Kuna kikomo kingine ambacho openat haikiondoi: jina moja haliwezi kuzidi baiti 255 kwenye ext4, mfumo wa faili wa kawaida wa Linux. Baiti, si herufi. Kwa Kiswahili tofauti haionekani sana, mpaka mtu aandike ng’ombe kwa ile alama iliyopinda, ambayo ni baiti tatu kwa UTF-8. Kwa Kiganda, kila ŋ ni baiti mbili. Nimeshaona programu inayohesabu herufi na kukubali jina ambalo kerneli inalikataa.

Programu ya mizani sasa haina chdir hata moja. Mwanzoni inafungua /srv/rekodi mara moja, inashika deskripta hiyo maisha yake yote, na kila mzunguko unaanzia hapo: mkdirat, openat, andika, funga. `continue` ile bado ipo, na haina madhara tena, kwa sababu hakuna hali ya mchakato inayobaki imehama. Hili lina uzito zaidi ukiwa na thredi nyingi, yaani kazi zinazokwenda sambamba ndani ya mchakato mmoja: folda ya kazi ni ya mchakato mzima, na thredi moja ikifanya chdir inawahamisha wenzake wote bila kuwaaga. Deskripta haihamishwi na chdir ya yeyote.

Kwenye jaribio langu la nyumbani, Busia, nimeiacha ikitembea wiki nne bila mzigo hata mmoja. Nakala ni moja. Folda ya safu ghalani bado ipo. Mzee ameniomba nisiifute mpaka wakulima wa siku ile wote wawe wamelipwa na kutia sahihi, na nimemkubalia.